Kiti Kina Fundi Wake

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii hutajwa sana, lakini hufuatwa mara chache. Macho yetu hukiona chombo kikielea, ndimi zetu hukisifu, kisha twauliza ni mali ya nani. Ni wachache wanaouliza kimeundwa na nani. Katika insha hii nataka nikushawishi, msomaji, kwamba swali hili la pili ni swali la haki, na kwamba jibu lake halipatikani kwa kubahatisha. Mfano wangu ni kitu ambacho yamkini umekikalia sasa hivi: kiti.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mnada wa vyombo vya nyumba mjini Nakuru. Vyombo hivyo vilitoka katika nyumba ya shamba ambayo zamani ilikuwa ya mlowezi wa Kiingereza. Palikuwa na meza, makabati, vitanda vya chuma, na viti sita vyenye egemeo lililotobolewa nakshi mfano wa utepe uliofungwa. Mnadi alikiinua kimoja juu ya meza, akatangaza kwa sauti kuu kwamba kile kilikuwa kiti cha Chippendale, fundi mashuhuri wa Uingereza, na kwamba umri wake ulipita miaka mia mbili. Bei ikaanza kupanda. Kando yangu alisimama mzee mmoja aliyekuwa seremala tangu ujana wake. Aliomba ruhusa ya kukishika kiti, akakipindua miguu juu, akakwaruza kwa ukucha chini ya kikalio mahali pasipopakwa vanishi, akatazama kwa makini, kisha akasema polepole, "Mwanangu, huu ni mvuli." Mnadi akacheka, akamjibu, "Mzee wangu, nunua au uache." Watu wakacheka pia. Kiti kikauzwa kwa jina la Chippendale.

Mzee yule alitaja mti tu, lakini katika neno lake moja palikuwa na hoja nzima. Mvuli ni mti wa Afrika. Maseremala wa London wa karne ya kumi na nane, waliounda viti vya matajiri, walitumia zaidi mahogani iliyoletwa kwa merikebu kutoka Jamaika, na baadaye Kuba na Honduras. Mbao hizo zilienea Uingereza hasa baada ya 1721, bunge lilipoondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya ng'ambo. Kiti cha mvuli chenye sura ya Kiingereza, kilichokutwa katika nyumba ya Bonde la Ufa, chaelekea sana kuwa kazi ya seremala wa Afrika Mashariki. Basi siku ile makosa mawili yalitendeka kwa pamoja. Mtu aliyefariki 1779 alipewa kazi asiyoifanya, na mtu aliyeifanya alinyang'anywa. Kosa la kwanza lingeweza kuitwa ujinga. La pili sioni jina jingine la kuliita ila dhuluma.

Tuanze na jina lenyewe. Thomas Chippendale alizaliwa Otley, kaskazini ya Uingereza, mwaka 1718. Mwaka 1754 alichapisha mjini London kitabu kikubwa cha michoro ya vyombo vya nyumba. Kitabu hicho kilikuwa cha kuuzwa. Kila seremala aliyekuwa na fedha za kukinunua, au rafiki wa kumwazima, aliweza kukifungua karakanani na kuchonga kiti kwa kuufuata mchoro. Ndivyo walivyofanya mafundi wa Uingereza, wa Ireland na wa Marekani, na wengine wanafanya hivyo mpaka leo. Kwa hiyo kusema kwamba kiti kina sura ya mchoro wa Chippendale ni kusema tu kwamba aliyekichonga aliuona mchoro, au alikiona kiti cha mtu aliyeuona. Mwanafunzi akiandika barua kwa hati nzuri aliyofundishwa darasani, je, utasema barua hiyo imeandikwa na mwalimu wake?

Tena, hata vile viti ambavyo kwa hakika vilitoka kwa Chippendale, kama vile vya Nostell Priory na Harewood House ambavyo hati za malipo yake zimehifadhiwa, havikuwa kazi ya mikono yake peke yake. Mwaka 1755 karakana yake iliungua moto, na habari za wakati ule zilitaja masanduku ya mafundi 22 yaliyoteketea. Ishirini na wawili! Kila sanduku lilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na mikono, jasho na jina. Leo jina moja limesimama mahali pa yote.

Majina mawili mengine hutajwa pamoja na la Chippendale, na habari zake ni za kustaajabisha zaidi. George Hepplewhite alikufa 1786, na kitabu cha michoro yake kilichapishwa na mjane wake, Alice, mwaka 1788. Duniani hapana kiti hata kimoja kinachojulikana kwa hakika kuwa kilitoka mikononi mwake. Thomas Sheraton alianza kutoa michoro yake 1791, wala hapana ushahidi kwamba alikuwa na karakana yake mwenyewe mjini London. Hata hivyo, ingia katika nyumba za mnada popote duniani, utakuta viti vya Hepplewhite na Sheraton vimepangwa safu kwa safu. Watu wawili wasiojulikana kuwa wameacha kiti hata kimoja wamekuwa baba wa viti elfu. Je, si ajabu?

Labda utaniuliza, msomaji, mambo ya London yamhusu nini mwanafunzi wa Nakuru, Naivasha au Molo. Swali lako ni la haki, na jibu lake liko karibu nawe. Si mbali na Nakuru, upande wa Njoro, limesimama jumba la mawe linaloitwa ngome ya Lodi Egerton. Mwenye jumba, Maurice Egerton, alikuwa bwana wa nne wa ukoo wa Egerton wa Tatton. Ujenzi ulianza 1938, ukakatizwa na vita vikuu, ukamalizika 1954. Mwenyewe alifariki 1958, na mwaka 1996 jumba lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Wageni huenda kulitazama kila siku. Husimuliwa habari za lodi, na za mwanamke ambaye yasemekana alilikataa jumba pamoja na mwenye jumba. Hadithi hiyo yapendeza masikio. Lakini aghalabu mgeni hurudi nyumbani akilijua jina la mwanamume asiyeshika mwiko wala randa, wala asijue jina hata moja la Mwafrika au Mhindi aliyechonga jiwe, aliyepasua mbao, au aliyetia mlango katika fremu yake.

Sasa tazama kinyume chake. Lodi huyo huyo alikuwa na jumba la wazee wake Uingereza, liitwalo Tatton Park, katika jimbo la Cheshire. Jumba hilo lilipambwa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa kwa vyombo vingi vya karakana ya Gillow ya mji wa Lancaster. Karakana ya Gillow ilikuwa na desturi mbili za kusifiwa. Kwanza, tangu mwisho wa karne ya kumi na nane ilipiga chapa ya jina lake juu ya vyombo vyake vingi. Pili, tangu 1784 iliweka vitabu vya michoro na hesabu, ndani yake mkiwa na sura ya kila chombo, mbao zilizotumika, gharama, na mara nyingi jina la fundi aliyeifanya kazi. Vitabu hivyo vimehifadhiwa London hata leo. Kwa sababu ya wino huo, seremala aliyelipwa kwa siku, asiyekuwa na cheo wala shamba, aweza kutajwa jina lake zaidi ya miaka mia mbili baada ya kazi yake.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Ukoo mmoja ulikuwa na majumba mawili. Katika la kwanza, viti vyaweza kuulizwa fundi wao na vikajibu. Katika la pili, midomo ya wasimuliaji yamtaja mwenye mali tu. Hatuwezi kusema mafundi wa Lancaster walikuwa na akili na wa Njoro hawakuwa nayo. Tofauti ni kwamba kule mtu alishika kalamu akaandika.

Wala usidhani kwamba katika Kenya ya wakati ule majina ya wafanya kazi hayakuandikwa. Yaliandikwa sana! Sheria ya kipande ilipoanza kutekelezwa 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua hati yenye jina lake, alama za vidole vyake, bwana wake na mshahara wake, nayo hati ikatiwa katika kibweta cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Serikali ilitaka sana kujua ni nani aliyetoroka shamba. Kujua ni nani aliyeunda kiti hakukuwa haja yake. Jina lilifungwa shingoni mwa fundi ili akamatwe, wala halikuandikwa chini ya kiti ili aheshimiwe. Iwapo vidole vilistahili kupigwa chapa kwa ajili ya kipande, havikustahili zaidi kukumbukwa kwa ajili ya kazi yao?

Mafundi wenyewe hawakuwa wachache. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, iliwaleta kutoka India wafanya kazi 31,983, na 6,724 kati yao walibaki hapa. Miongoni mwa waliobaki, na waliowafuata baadaye, walikuwamo maseremala, waashi na wahunzi wa Punjab, hasa Masingasinga, ambao kazi zao zilienea katika miji yote ya reli, Nakuru ikiwa mmojawapo. Waafrika nao walijifunza useremala katika shule za misheni, katika karakana za Wahindi, na katika chuo cha kazi za mikono kilichofunguliwa Kabete miaka ya 1920. Misitu ya Mau ilikuwa karibu, na viwanda vya kupasua mbao vya Elburgon vilitoa mtarakwa na podo. Mlowezi aliyetamani kiti kama cha nyumbani kwao hakulazimika kukiagiza kwa merikebu. Alimpa seremala kielelezo au picha, seremala akatazama, akapima, akachonga. Wajukuu wa mlowezi wakakiita kiti cha Kiingereza, na mnadi akakiita Chippendale. Ni nani anayekumbuka aliyekichonga?

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Sikuombi umnyang'anye Chippendale kiti kisha umpe seremala wa Njoro bila ushahidi. Hiyo itakuwa dhuluma ile ile iliyogeuzwa uso. Mzalendo anayeokota kila kiti na kusema "hiki ni chetu" hana tofauti na mnadi anayesema "hiki ni cha Chippendale". Wote wawili wameanza na jibu kabla ya kuuliza swali. Haki haipendelei Mwingereza, haipendelei Mhindi, wala haimpendelei Mwafrika. Yataka mashahidi.

Mashahidi wa kiti ni watano, nao si sawa kwa nguvu. Wa kwanza na mkuu ni hati: barua ya kuagiza, hesabu ya malipo, au orodha ya vyombo vya nyumba, ikiwa maneno yake yanakubaliana na kiti kilichopo. Wa pili ni chapa au maandishi juu ya mti wenyewe. Huyu ni shahidi mzuri, lakini ahojiwe, kwa sababu chapa yaweza kughushiwa, au yaweza kuwa ya muuzaji au ya mtengenezaji aliyekitia mguu mpya. Wa tatu ni mti, aliyesema kweli pale mnadani. Naye ana mpaka wake, kwa sababu mbao husafirishwa. Wa nne ni alama za zana. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka, na msumeno wa mviringo wa mashine huacha mistari ya upinde. Skurubu zenye ncha kali ni kazi ya mashine, nazo zilienea kuanzia katikati ya karne ya kumi na tisa. Lakini hapa pia ujihadhari, kwa kuwa skurubu mpya yaweza kutiwa katika kiti cha zamani siku ya kukitengeneza. Wa tano, na dhaifu kuliko wote, ni mtindo. Mtindo ni nguo, na nguo huazimwa.

Ajabu ni kwamba watu wengi humwita shahidi wa tano peke yake, wakatoa hukumu, wakafunga mahakama.

Ushahidi ukiwa na daraja, maneno yetu nayo yawe na daraja. Palipo na hati inayokubaliana na kiti, sema, "Kimeundwa na fulani." Palipo na chapa na mti usiopingana nayo, sema, "Kimetoka katika karakana ya fulani." Palipo na sura tu, sema, "Kimeundwa kwa mtindo wa fulani," na unyamaze. Wauzaji hawaipendi lugha hii, maana yapunguza bei. Lakini ulimi wa msomi haukuumbwa kwa ajili ya kupandisha bei.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wa kwanza atasema, "Kiti ni kiti, kazi yake ni kukaliwa, na jina la fundi halimpunguzii mtu uchovu." Namjibu: maji huzima kiu hata kama hujui kisima kilichimbwa na nani, lakini kijiji kinachowasahau wachimbaji wake hakitapata wa kuchimba kisima cha pili. Kijana anayeambiwa tangu utoto kwamba kila kilicho kizuri kilitoka ng'ambo atajifunza kununua, wala hatajifunza kuunda. Wa pili atasema, "Kiti kimoja hupita mikono mingi, jina la nani litaandikwa?" Pingamizi hili ni la mtu mwenye akili. Katika misitu iliyozunguka mji wa High Wycombe, Uingereza, mkereza alikereza miguu msituni, fundi mwingine alichonga kikalio, na wa tatu aliunganisha. Jibu langu ni rahisi: yaandikwe yote yanayojulikana. Wingi wa wenye haki haujawahi kuwa sababu ya kumnyima kila mmoja wao haki yake.

Wa tatu atasema, "Desturi ya Waafrika ni kufanya kazi bila kutaka jina." Huyu simkubalii hata kidogo. Pwani yetu ina kiti cha enzi, kazi ya mafundi wa Lamu, Pate na Siyu, cha mpingo uliotiwa njumu za pembe, na kikalio kilichosukwa kwa kamba nyembamba. Bara tunavyo vigoda vya Wakamba vilivyopambwa kwa nyuzi za shaba. Majumba ya makumbusho yameviweka vitu vya namna hii katika makabati ya vioo, na mara nyingi chini yake huandikwa kabila tu, au mahali tu. Usidhani aliyekiunda hakuwa na jina. Jirani zake walilijua, mteja alilijua, mke wake aliliita kila jioni. Aliyekikusanya ndiye ambaye mara nyingi hakuuliza, na kutouliza kwake kumeitwa desturi yetu. Chippendale amepewa viti asivyoviunda, na fundi wa Siyu amenyimwa hata kile alichokiunda. Makosa yote mawili yana mzazi mmoja, naye ni uvivu wa kuuliza.

Basi, kijana msomaji, kazi iliyo mbele yako haihitaji fedha. Nyumbani kwa babu yako pana kiti, kigoda au kabati. Kipindue. Tazama mti wake mahali pasipopakwa rangi, tazama viungo vyake, tafuta chapa, kisha umuulize babu au bibi: kilinunuliwa wapi, mwaka gani, na kwa nani? Andika jibu katika daftari, uandike na jina la aliyekujibu. Wazee wanaoyajua majina ya mafundi wa Nakuru, Njoro na Gilgil wa miaka ya 1940 na 1950 hawatatungoja. Kila anayezikwa bila kuulizwa huzikwa pamoja na karakana nzima.

Na wewe utakayekuwa seremala, ukae kando ya barabara juani ukipiga randa, usione haya kuandika jina lako, mji wako na mwaka chini ya kikalio kabla ya kukipaka vanishi. Hicho si kiburi. Mwenye duka huandika jina lake juu ya mlango kwa herufi kubwa, wala hapana anayemlaumu. Maneno matatu chini ya kiti ni shahidi asiyelala.

Yule mzee wa mnadani aliondoka kabla ya kiti cha sita kuuzwa. Nilimfuata mpaka njiani nikamuuliza kama alimjua aliyeviunda. Akaniambia kwamba mkono ule alifikiri aliwahi kuuona, lakini hakutaka kutaja jina la mtu kwa kudhani. Mnadi, asiyejua kitu, alitaja jina kwa sauti kuu; mzee, aliyejua mengi, alinyamaza kwa kuogopa kusema uongo. Kati ya wawili hao, msomaji, chagua mwalimu wako.